Nyamwange na Mwenzake

Silibwet, Bomet
6 Machi 1994

Wewe afisa unayefungua barua za watu, weka chini hii, haina jina lako juu yake. Nilikuvumilia miaka yote mjukuu wangu akiwa ndani. Nikaandika kwa Kiswahili ili usome bila kutafuta mtu wa kukutafsiria Kikipsigis. Sasa ametoka. Kama bado unasoma, basi soma na hili: huna adabu.

Weldon, sasa wewe. U mzima? Mimi mgongo unauma lakini kichwa kiko sawa. Mvua imeshika mapema, majani chai yanatoka vizuri. Baba yako mdogo Benard na watoto wake ni wazima, na kelele yao ni nzima pia.

Ulitoka gerezani mwezi jana. Nilichinja jogoo. Jogoo tulimla wenyewe, na mifupa nikamtupia mbwa wa Benard, ndiyo ujue nilivyokasirika, kwa maana mbwa huyo simpendi. Badala ya mtu nikaletewa maneno na kondakta wa basi. Ati una karatasi. Ati karatasi inasema usitoke Kericho.

Kwani hapa ni wapi? Ulipofungwa hapa palikuwa Kericho. Mimi sijahama. Nyumba haijahama. Choo alichochimba marehemu baba yako hakijahama. Wakubwa walikaa mahali wakachora mstari, wakasema kuanzia leo nyinyi ni Bomet, na hakuna aliyekuja hapa kuniuliza kama nina mtu gerezani.

Sisemi ulifungwa bure. Ulikula ng'ombe za watu, ulistahili, na niliwaambia watu hivyo mbele ya kanisa ili wasipate raha ya kunisengenya. Lakini adhabu imekwisha. Sasa hii nyingine ni ya nini?

Waambie wakubwa wako wafungue macho. Kisha njoo nyumbani.

Mimi Kogo wako.


Kericho
20 Machi 1994

Chamgei Kogo,

Nakusalimu sana. Mimi ni mzima, na naomba Mungu akuponye huo mgongo. Pole kwa jogoo.

Kogo, afisa hasomi barua zetu tena. Hayo yalikuwa ya gerezani. Hapa nje nina uangalizi tu. Nilitolewa kabla ya siku zangu kuisha, kwa hiyo hizo siku zilizobaki natembea nazo. Kila Jumanne naenda kituo cha polisi wanione kwa macho. Nikivuka mpaka wa Kericho bila ruhusa, ninarudishwa ndani kumalizia. Hawataniuliza nilikwenda kuiba au kumwamkia nyanya yangu.

Usifikiri sikujaribu. Nimeomba nihamishiwe huko. Kericho wakasema Bomet wakubali kwanza kunipokea. Nikaomba mtu aniulizie Bomet. Bomet wakasema hawawezi kukubali mtu ambaye Kericho hawajamtoa. Nimekaa katikati kama mkia wa mbuzi mlangoni.

Lakini kuna jambo jema. Nimepata mwenzangu wa biashara, anaitwa Nyamwange. Ni Mkisii, alikuwa mchuma chai kwenye shamba moja kubwa hapa mpaka wakapunguza watu. Tumejenga kibanda karibu na nyumba za wafanyakazi. Asubuhi wanapita wakienda kuchuma, wanataka chai ya maziwa na mandazi. Tatizo ni maziwa. Tunanunua kwa watu, wengine wanayatia maji.

Na hapo tena serikali iko. Afisa wa leseni alisikia mmoja wetu ametoka gerezani, akasema lazima wenye biashara wote wajulikane kwa majina, na kila kitu kilicho ndani ya kibanda kionyeshwe kimetoka wapi. Aliuliza birika. Nikasema limetoka dukani. Akauliza duka gani. Bangoni tumeandika NYAMWANGE NA MWENZAKE, kwa sababu alisema jina langu litaleta maswali.

Nyamwange atakuja kukuona kwa niaba yangu, kwa kuwa yeye hana mpaka. Mpokee kama mimi.

Mjukuu wako,
Weldon


Silibwet
2 Mei 1994

Weldon, salamu. Mgongo bado. Usiniombee mgongo, omba wakubwa wapate akili.

Huyo mtu wako amefika. Alikuja na mkungu wa ndizi begani kutoka barabarani mpaka hapa, akiteleza kwenye matope kama ndama aliyezaliwa jana. Nikampa mursik kwenye sotet, kibuyu kile kikubwa, maziwa yaliyolala sana. Nilitaka kuona. Watu wa kwao wakiona majivu ndani ya maziwa huanza kutazama dari. Yeye alikunywa mpaka mwisho, akapangusa mdomo, akasema, "Magokoro, ya kwetu huwa haina nguvu hivi." Magokoro ni kogo kwa lugha yao. Sikumwambia kama nimependa.

Benard alikuja kusimama mlangoni na mikono mfukoni. Akasema kwa lugha yetu, akidhani mgeni hasikii, ati baada ya mwaka ule wa moshi, nyumba zikichomwa kule mpakani na Kisii, mimi ninakaribisha Mkisii na kumpa kibuyu cha mzee. Nikamwambia moshi ule haukutoka kwenye birika la huyu. Na kibuyu ni changu, nilikisafisha mimi, mzee alikuwa anakunywa tu. Akaenda.

Tukabaki wawili. Nikamuuliza huyo Nyamwange jambo moja tu. Nilisema: ukipewa kitu ukitunze, na mtu akakuuliza ni cha nani, utajibu nini? Akasema atajibu ni cha mtu. Nikamuuliza, na akikazana? Akaniambia hata kwao mwenye mali hatajwi. Basi nikajua amelelewa na mtu.

Sasa sikiliza. Kuna kitu kitakuja kwake hivi karibuni, ni cha biashara yenu. Sikiandiki hapa. Wewe unasema afisa hasomi, mimi nasema mtu aliyezoea kulamba chungu haachi. Usiniulize ni kitu gani, wala usimuulize Nyamwange. Kikija, kitumie na ufunge mdomo.

Na hilo bango. Mwenzake! Nilikupa jina nikiwa nimekushika mikononi, mama yako akiwa bado anatoka jasho. Sikukuita Mwenzake.

Kogo wako.


Silibwet
12 Juni 1994

Weldon,

Leo sikusalimii.

Mwezi mzima umepita, hakuna barua, hakuna kondakta, hakuna hata mtu wa kusema nimemwona amesimama. Ule mzigo ulifika, hilo najua, kwa sababu aliyeubeba alirudi akala ugali hapa. Sasa umeshiba ndiyo umesahau kuandika? Au umevuka mpaka kwenda kunywa pombe Sotik? Kama ndivyo, basi rudi gerezani na usinipe anwani.

Benard anasema kwa watu kwamba amejua tangu zamani. Hasemi amejua nini. Anatikisa kichwa tu, na watu wanatikisa naye.

Nilikwenda kwa chifu kuuliza kama kuna habari. Akasema wewe si mtu wake, wewe uko chini ya Kericho. Nikamwambia kitovu chako kimezikwa umbali wa jiwe kutoka kwenye kiti chake. Akasema hilo halimo kwenye sheria.

Andika.

Kogo.


Rumande, Kericho
3 Julai 1994

Kogo,

Barua hii nimeiandika kwa penseli ya kuazima, na hii kweli watakuwa wameisoma.

Ulimpa Nyamwange nini?

Siku moja nilifika kibandani asubuhi nikakuta ng'ombe nyuma, nyekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji, anatoa maziwa kama mfereji. Nikamuuliza Nyamwange imetoka wapi. Akasema ni ya mtu. Nikakumbuka maneno yako, nikadhani ndiyo kile kitu, nikafunga mdomo kama ulivyosema. Tulifanya kazi vizuri. Watu walianza kutoka upande wa pili wa shamba kuja kunywa chai kwetu.

Kisha afisa wa leseni akaja kukagua. Akauliza ng'ombe ya nani. Nyamwange akasema ya mtu. Mtu gani? Akasema hawezi kumtaja. Afisa akanigeukia mimi. Mimi nikasema sijui, Kogo. Nilisema kweli, kwa maana hukuniambia. Mtu aliyefungwa kwa ng'ombe, amesimama kando ya ng'ombe, na anasema hajui. Hata mimi ningemfunga.

Polisi wameuliza vituo vyote kama kuna aliyeibiwa ng'ombe ya namna hiyo. Hakuna aliyejibu, lakini wanasema mwizi mzuri huiba mbali. Wakikata shauri kwamba ni ya wizi, narudi ndani kumalizia miaka yangu, na mipya juu yake. Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi huu aonekane mwenyewe.

Nyamwange wamemshika pia. Nimeongea naye kwenye wavu. Nimemwomba, nimemlilia. Nikamwambia kama ni nyanya yangu aliyekupa, sema. Anasema, "Kama ni yeye, yeye mwenyewe atasema. Mimi nilikunywa maziwa yake." Ana mke na watoto huko Kisii, wala hawajui aliko.

Kogo, kama ni yako, usiniandikie. Sitaki barua tena.

Weldon


Silibwet
24 Julai 1994

Weldon, natumaini umelala kwenye kitanda chako na umekula. Kwenye lango la kituo nilikuona mbavu, nikanyamaza kwa sababu ya watu. Mgongo umezidi kwa ajili ya gari lile, lakini nimerudi salama.

Hukuona yaliyofanyika ofisini, ulikuwa bado ndani. Nitakueleza mimi kabla Nyamwange hajakueleza kwa kutia chumvi.

Uliandika nisikuandikie, nikatii, mara ya kwanza na ya mwisho. Nilipanda gari mpaka Mulot nikamchukua Chepkemoi, rafiki yangu tangu tulipotahiriwa pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa na hiyo ng'ombe. Sasa nikuambie, kwa kuwa kila mtu Bomet amekwisha jua, mbwa wa Benard pamoja naye. Baba yangu alinipa mtamba siku niliyoolewa. Sikumleta kwenye boma la babu yako. Nilimweka kwa Chepkemoi kwa kimanagan. Hiyo ni desturi yetu: unampa rafiki ng'ombe, maziwa anakunywa yeye, ndama ni wako, na hakuna kinywa kinachosema ng'ombe ni ya nani. Njaa ikija, ugonjwa ukija, wivu wa ndugu ukija, hawajui pa kukutafuta. Babu yako alikufa bila kujua. Wanangu hawakujua. Zimezaana huko miaka yote, na zilikuwa za kukuolea mke, kwa sababu baba yako hayuko na Benard hatakutolea hata kwato.

Hiyo moja nikampa Nyamwange kwa njia hiyo hiyo. Ilipanda lori la mahindi alfajiri, bila kibali cha mifugo, bila kitu. Sitasema nilikosea. Nilifanya kama mama yangu alivyofanya. Ila mama yangu hakuwa na mjukuu mwenye karatasi.

Tukafika ofisi ya leseni, hapo kando ya kituo cha polisi. Yule afisa wa leseni ni kijana, mtoto wa Kabianga, ana kalamu tatu mfukoni na hajui kuandika mbele ya mtu mzima bila kutoa jasho. Polisi alikuwepo, na Nyamwange ameletwa, amesimama ukutani. Na kwenye benchi, akingoja leseni ya duka lake, ameketi nani? Edinah, dada wa mke wa Benard. Nikajua nikifungua mdomo, maneno yatafika Silibwet kabla yangu.

Afisa aliniona nimenyamaza nikimtazama Edinah. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Kogo, unaweza kunong'ona. Au twende nje."

Huyo kijana ana desturi, nilishangaa. Bila shaka na baba yake ana ng'ombe mahali. Lakini nikamtazama Nyamwange, midomo imekauka, na viatu hana. Mtu wa mbali, kwao hawajui aliko, amekaa seli kwa ajili ya kibuyu kimoja cha maziwa, halafu mimi nijifiche kwa kunong'ona? Nikasema kwa sauti ambayo hata walio barabarani walisikia: ng'ombe hiyo ni yangu, mimi mwenyewe, na ziko nyingine.

Edinah aliacha kupepea uso kwa karatasi zake.

Afisa akauliza kama nina karatasi ya kuonyesha ni yangu. Nikamuuliza kama yeye ana karatasi ya kuonyesha mama yake ni mama yake. Akasema anayo. Wa siku hizi wana kila kitu. Basi nikamwambia aandike kabla hatujatoka nje kuiona: sikio la kushoto limekatwa ncha, la kulia lina mkato wa pembeni, na nyuma ya goti kuna kovu la waya. Chepkemoi akasema la kovu ni yeye aliyelitibu kwa majivu, akataka kueleza na wimbo aliouimba, nikamkanyaga mguu.

Tukaenda nyuma ya kituo. Ng'ombe imefungwa chini ya mti, na masikio ni yale yale, na kovu ni lile lile. Lakini nikaona kiwele. Kiwele cha ng'ombe ambayo haijakamuliwa hukijua hata ukiwa kipofu, na hiki kilikuwa kimekamuliwa asubuhi hiyo. Nikamgeukia polisi. Nikamwambia, "Kama ni ya wizi, mbona nyinyi mmekunywa?"

Akatazama buti zake. Nyamwange alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo maana mlitoka mapema, wala si kwa sababu wanapenda haki.

Hata hivyo afisa hakuniachia hivi hivi. Alinikaripia, mimi, kwa kuisafirisha ng'ombe bila kibali, na nikakubali kwa sababu alikuwa amesema kweli. Halafu akasema serikali haijali kama jambo ni la desturi au la benki, mtu akiweka mali kwenye biashara yeye ni mwenye biashara, na jina lake lazima lijulikane, hasa kama ndani kuna mtu wa uangalizi. Na wewe hutaandikwa kama mwenye biashara mpaka uangalizi uishe. Utaandikwa mfanyakazi. Kwa hiyo Mwenzake ni mimi. Walinisogezea wino wa kidole. Nikamwambia nilisoma mpaka darasa la pili misheni, alete kalamu, anazo tatu. Nikaandika jina langu lote. Ilichukua muda, wakangoja.

Sasa ujue bei yake. Nilipofika nyumbani Benard alikuwa amekwisha kalisha wazee wawili sebuleni kwangu, kwenye viti vyangu. Anasema ng'ombe za mke ni ng'ombe za boma, na boma ni lake. Anasema nimemficha baba yake na nimemficha yeye, na kitu kilichofichwa kwa hila hakina mwenyewe. Wazee walinung'unika wakaniambia nifikirie amani. Nikawaambia ng'ombe ilitoka kwa baba yangu siku ya harusi yangu na haijawahi kulala kwenye boma hili hata usiku mmoja, kwa hiyo wakamwulize baba yangu, kaburi lake liko Longisa. Wakanywa chai wakaondoka. Benard hasemi nami. Watoto wake wamekatazwa kuja kwangu kula. Mdogo wao anakuja hivyo hivyo kwa mlango wa nyuma.

Atakwenda Mulot kuzichukua, namjua. Zamani ningezihamisha gizani. Sasa gizani hakuna faida, kila mtu anajua, na giza ndilo lililokupeleka seli. Nimezeeka, sitajifunza tena kuficha. Kwa hiyo tutafanya kinyume, watu wote waone ni zangu, na wewe utafanya kama ninavyosema, bila kuniletea ya karatasi, kwa sababu karatasi safari hii ninazo mimi. Kibali cha mifugo nimechukua mwenyewe Bomet. Nilikaa kwenye foleni ya wanaume, na wa nyuma yangu alipoguna nilimgeukia, akarudi nyuma hatua moja.

Mwambie Nyamwange aje wiki ijayo achukue ng'ombe ya pili. Chepkemoi ataileta hapa nyumbani kwanza. Aje Jumatano mchana, siku ya kupeleka majani, wakati watu wote wako kwenye banda la kununulia chai. Nitaifungia kengele. Ataiswaga kwa miguu, polepole, apite mbele ya lango la Benard, apite mbele ya banda, na mtu akimuuliza ni ya nani, ataje jina langu. Alitaje vizuri. Barabarani pick-up itangoja, nami nitapanda mbele.

Wewe Jumanne nenda kituoni kwanza uripoti, uonekane kwa macho. Jumatano uje Kapkatet, hiyo bado ni Kericho, nimeuliza. Usikanyage zaidi ya hapo. Tukichelewa, ngoja. Pick-up ikikwama kwenye matope upande wetu wa mpaka na ukaiona, usije kusukuma. Mimi nikisimama ng'ambo nikakuita kwa jina, usivuke.

Kogo wako, ambaye ndiye Mwenzake.

Na hilo bango lipakwe rangi upya, liandikwe jina langu kamili.